Divai ya Kibuyu Kikavu

Elijah alikuwa mtu wa kuonja na kutema. Ndiyo kazi yake. Kabla sampuli ya kisima haijafika maabara ya idara ya maji, huchota kidogo kwa kifuniko, huyazungusha maji mdomoni, huyatema kando, kisha husema: chumvi imezidi. Au: magadi. Au: haya yanafaa. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ametema maji ya visima kuanzia Lorugum hadi Nariokotome, na hakuwahi kujiuliza mate yake yanaangukia wapi.

Mwaka ule wa 1996 ilikuwa imetimia miezi saba tangu amzike mkewe, Keziah. Hakuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo. Watu wakimpa pole, alisema asante na kurudi kwenye chupa zake. Lakini kila jioni, jua likielekea kuzama, alitafuta mahali penye kimya akamkumbuka kwa utaratibu: kovu juu ya nyusi ya kushoto, namna alivyofunga leso, namna alivyocheka kabla hajamaliza kisa chake mwenyewe. Hayo tu ndiyo yaliyobaki. Hakutaka hata moja lipotee.

Asubuhi moja alikuwa Kakuma, na msafara wa kwenda Lodwar ulikuwa umeahirishwa. Njiani kulikuwa na majambazi. Hakuna gari lililoruhusiwa kuondoka bila polisi.

"Nyinyi watu wa Kenya, ngojeni mpaka saa kumi," askari wa kizuizi cha barabarani aliwaambia.

"Kwani hapa si Kenya?" Wangari akamuuliza. Alikuwa mchuuzi wa vitenge kutoka Karatina, aliyeomba lifti kurudi Lodwar.

"Hapa ni Turkana, mama."

Mike, afisa wa kilimo aliyewabeba katika Land Rover ya serikali, alicheka akazima injini. "Basi tuko ng'ambo. Na mtu akiwa ng'ambo bila kazi, huonja divai. Mimi nilisoma Bulgaria miaka minne, najua ninachosema."

"Divai Kakuma?"

"Wasudani wa kambi ya wakimbizi wanatengeneza ya tende na ya maua ya karkade. Twendeni."

Ndivyo siku ilivyoanza. Nyumba ya kwanza walipewa divai ya tende, nzito na tamu. Mike aliwafundisha kuinua kikombe kwenye mwanga, kukizungusha, kunusa, kupiga funda dogo, kisha kutema.

"Kutema?" Wangari alishtuka. "Mimi kinywaji sitemi. Nililelewa."

"Bulgaria, anayemeza kila anachoonjeshwa huitwa mlevi."

"Hata Karatina. Lakini huyo analala vizuri."

Elijah peke yake ndiye aliyetema, bila kufikiri, kama alivyotema siku zote. Nyumba ya pili walionja ya zabibu kavu, chachu kiasi cha kuuma meno. Nyumba ya tatu, ya karkade, ilikuwa ya Kuol, mwalimu wa shule ya kambini, kijana mrefu mwenye suruali isiyomtosha urefu. Elijah alipotema mchangani karibu na kizingiti, Kuol alipiga makofi.

"Daktari wa maji, umebariki mlango wangu! Kwetu mtu mzima akimtemea mtoto mate, amembariki. Akimtemea bibi harusi, amemkubali nyumbani kwake."

"Hata Waturkana wanafanya hivyo," Mike akasema.

"Basi leo daktari amebariki kambi nzima," Wangari akadakia. "Na hajaoa hata mmoja!"

Walicheka. Elijah naye alitabasamu, kisha akaona haya kwa kutabasamu.

Saa nane na nusu Kuol aliwaelekeza kwa Nyabol, mjane aliyesifika kwa divai ya karkade. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, ukingoni mwa laga ya Tarach, mto mkavu, mahali ambapo kambi inakwisha na vichaka vya miiba vinaanza. Nyabol aliwakaribisha, akaenda kwa jirani kuazima vikombe. Mike na Wangari walibaki kwenye kivuli cha ua, wakibishana kuhusu bei ya vitunguu.

Upepo ulikuwa umekoma.

Elijah alisikia sauti kutoka ndani. Ya chini, yenye mkwaruzo, kama ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi.

"Onja..."

Alisogea mpaka mlangoni. Ndani, juu ya ngozi ya ng'ombe, aliketi mwanamke aliyempa mgongo. Kichwa kimenyolewa. Shanga za buluu shingoni. Bila kugeuka, alipitisha kibuyu juu ya bega lake.

Elijah alikipokea. Alidhani ni mtu wa nyumba hiyo. Nani asingedhani?

Alinusa. Moshi. Maziwa yaliyochacha. Na nyuma yake, mbali, harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Alipiga funda.

Ilikuwa baridi. Saa nane na nusu mchana, Kakuma, ilikuwa baridi kama maji ya kisima kirefu ambacho jua halijawahi kukiona. Alilizungusha funda mdomoni, akatema kizingitini. Akaonja tena, kwa sababu ladha ilikuwa imebadilika. Akatema. Akaonja mara ya tatu, akatema.

Mkono mwembamba ulinyooshwa nyuma. Vidole viliuchota ule mchanga uliolowa. Mwanamke akaupaka kifuani mwake.

Polepole...

Akahema kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ndugu, unaongea na nani?"

Nyabol alikuwa nyuma yake na vikombe vitatu. Elijah alimgeukia, kisha akatazama tena ndani. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa tupu. Kibuyu mkononi mwake kilikuwa kikavu, kimepasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Kisingeweza kushika hata tone.

"Dada aliyekuwa ndani amenionjesha," akasema. Alilisema kwa makini, kama mtu anayetoa ripoti.

Kikombe kimoja kilianguka.

"Ulimeza?" Nyabol akanong'ona. "Niambie ulimeza."

"Nilitema."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Nyabol aliketi chini palepale. Mike na Wangari walikuja kuona kulikoni, na ndipo akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kambini, macho yake yakiwa kwenye kibuyu.

"Hiyo ni ya Amou. Dada ya bwana yangu. Alikuwa bibi harusi. Siku ya wazee kumtemea mate, vita ikaingia. Tukakimbia. Alikufa njiani, kabla mpaka. Hakuna mtu alimkubali. Hiki kibuyu mimi nilibeba, kwa sababu nani atabeba?"

"Na wengine? Hakuna wengine waliompokea kibuyu?" Mike aliuliza.

"Wawili. Walimeza. Tumbo iliwauma, wakaenda zao. Anayemeza ni mgeni tu. Anayetema..." Alimtazama Elijah. "Wewe una bibi?"

"Ndiyo," Elijah akajibu. Kisha akajisahihisha. "Alifariki. Miezi saba."

"Ai," Nyabol akasema kwa huruma. "Basi mlango iko wazi."

"Mama, tumeonja tangu asubuhi, tuache na hadithi," Mike alisema. Lakini hakucheka. Wangari alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa sala.

Nyabol alimshika Elijah mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto, na Elijah alishukuru kwa joto lile. "Sikiza. Amou si mbaya. Anataka nyumba. Atakuja na wewe. Mpaka jua lizame, umtaje bibi yako. Kwa sauti. Jina, uso, kila kitu yake. Amou akisikia nyumba imejaa, atashuka barabarani. Lakini usinyamaze. Ukinyamaza tu, anakaa."

Msafara uliondoka saa kumi. Mike alishika usukani, Wangari akaketi kando yake. Elijah alikaa nyuma peke yake, katikati ya kreti za chupa za sampuli. Alikuwa mtu wa chuo kikuu, na hakuamini. Hata hivyo alianza kutaja kabla hawajapita kizuizi.

"Keziah. Binti Ngugi. Alizaliwa Molo. Alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka kwenye kuni akiwa na miaka sita..."

Wangari hakugeuka. Mike alizima redio.

Alitaja mazoea yake, nguo zake, viatu alivyovichukia. Alitaja namna alivyoonja mchuzi kwenye kiganja. Vumbi la magari ya mbele liliingia madirishani, na ndani ya vumbi kulikuwa na harufu nyingine.

Moshi. Maziwa yaliyochacha.

Alitoa kalamu na karatasi ya lebo za chupa, akaanza kuandika kila alichokitaja ili kisipotee. Moja, kovu. Mbili, leso. Tatu, kicheko. Gari lilirukaruka na mwandiko ukapinda, lakini aliandika.

"Nywele zake," alisema, "alizisuka kila Jumamosi..." Akaona kichwa kilichonyolewa, kinang'aa kwa mafuta. Akatikisa kichwa chake, akaanza upya. "Shingoni alivaa..." Shanga. Za buluu. Hapana. Msalaba. Keziah alivaa msalaba mdogo. Akaandika msalaba, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Jua lilikuwa limefika juu ya vilima, jekundu.

"Kovu," akarudia haraka. "Juu ya nyusi ya..."

Ya kulia? Ya kushoto?

Alikuwa amelitaja sasa hivi. Alikuwa amelitaja kila jioni kwa miezi saba. Alitazama karatasi. Ilisema kovu tu.

"Ya..."

Wangari aligeuka. Uso wake ulikuwa umekauka. Alinong'ona.

"Daktari... huyo mama alipanda wapi?"

Elijah hakutazama kando. Alifungua mdomo ataje kitu, chochote, kitu kimoja tu cha mwanamke aliyeishi naye miaka kumi na minne. Hakikuja. Palikuwa na kimya cha kuhesabu mpaka tano, labda sita.

Mkono baridi uliingia ndani ya wake. Ukatulia.

Jua likazama.

Asubuhi iliyofuata, katika nyumba ya wageni pale Kanamkemer, Lodwar, Elijah aliamka akiwa amelala vizuri kuliko siku zote za mwaka ule. Uani, Wangari alikuwa akikunja vitenge vyake.

"Umeamkaje, daktari?"

"Vizuri sana."

"Mkeo ameenda kuteka maji. Si mtu wa maneno, lakini ana utu. Jana njiani alinishikia mizigo yote."

Mike alikuwa amefungua boneti ya Land Rover. "Tukirudi Kakuma mwezi ujao," alisema, "tuonje tena sisi wanne. Tulifurahi, sivyo?"

"Tulifurahi," Elijah akasema. Alikumbuka: tende, zabibu, karkade. Wanne.

Alipotia mkono mfuko wa shati kutafuta kalamu, alipata karatasi ya lebo iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wake. Juu kulikuwa na jina, Keziah, na chini yake mambo kumi na moja yenye namba. Kovu. Leso. Kicheko. Msalaba, umepigiwa mstari mara mbili. Aliisoma yote kwa makini, mara mbili, kama anavyosoma ripoti ya kisima kilichozibwa kabla hajaajiriwa. Taarifa zilikuwa chache lakini zimepangwa vizuri. Ilionekana aliyeandika alikuwa na haraka.

Nyuma yake, hatua zilikuja, nyepesi, zisizotifua vumbi. Harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa ilimfikia kabla ya sauti.

"Nani huyo?" Amou akanong'ona, akitazama karatasi juu ya bega lake.

"Simjui," Elijah alisema.

Na alisema kweli. Ila karatasi ilikuwa imeanza kulowa mkononi mwake, wino ukitawanyika, tone baada ya tone, naye hakujua maji yale yalikuwa yakitoka wapi.