Birame na Lugha ya Farasi

Mkokoteni ulikuwa umeshakiacha kijiji nyuma. Juu yake palikuwa na godoro, gunia la mtama, kuku wawili, na Sokhna amempakata mwanawe Birame. Mbele alikaa mumewe, Gorgui Ndiaye, akimsemesha farasi.

"Taratibu, Jambaar, baba. Umeliona shimo? Pita kulia. Ndiyo hivyo!"

Birame alikuwa na miezi kumi na mitano, na hajasema neno. Walikuwa wanampeleka mbali kwa shangazi yake, akae mwaka mzima, mganga wa huko amfungue ulimi. Sokhna hakuwa amekula tangu jana. Gorgui naye hakutaka kumwacha mtoto, lakini alimwambia farasi tu.

Walipita zahanati kwa chanjo ya surua. Muuguzi Coumba Diop aliwaona. Ukoo wa Diop na wa Ndiaye ni watani tangu enzi za mababu.

"Ndiaye! Umehama na godoro? Wali umeisha kijijini?"

"Tumewaachia nyie ukoko mkwangue!"

Sokhna hakucheka. "Dada, mwanangu ni bubu."

Muuguzi alisimama nyuma ya Birame, akatikisa kopo la maharage. Mtoto akageuka. Muuguzi akaficha kijiko chini ya kitambaa. Mtoto akakifunua.

"Anasikia, na akili anayo. Nyumbani mnamwambia nini?"

Wakatazamana.

"Mama mkwe anasema ukimsemesha mtoto mchanga, mashetani watajibu," alisema Sokhna.

"Na mtu mzima kuongea na asiyejibu," Gorgui akaongeza, "si wazimu huo?"

Nje, Jambaar akapiga chafya. Birame akainua kichwa, akanyoosha kidole mlangoni, akapiga ulimi: "Kla! Kla!" Sawasawa na baba yake akimwondosha farasi. Jambaar akaondoka na godoro na kuku. Gorgui akatoka mbio, kofia huku, kiatu kule.

Aliporudi na mkokoteni, akihema, muuguzi alikuwa ameshika meza kwa kicheko.

"Ndiaye, mwanao anaongea kifarasi! Ndiyo lugha anayosikia kutwa. Na huyo farasi alikujibu lini?"

Gorgui akainama kuvaa kiatu chake.

"Mtazame mtoto machoni. Mwambie unachofanya: nakuosha mguu, uji huu wa moto. Akitoa sauti, mjibu, kisha nyamaza umngoje. Mwimbie. Mpe bakuli na kijiko agonge. Kaeni naye nyumbani. Rudini baada ya miezi miwili. Kama hakuna mabadiliko, tutampeleka hospitali akapimwe masikio vizuri."

"Na mama mkwe?" aliuliza Sokhna.

"Aombe dua kwanza, ndipo aongee."

Birame akachanjwa, wakageuza mkokoteni kurudi nyumbani. Gorgui akamweka Birame kati ya magoti yake. Akaangalia huku na huku kama kuna mtu anayesikia.

"Birame, yule ni mbuzi. Mbuzi wa kina Diop, mwone alivyo mlafi."

Akangoja.

"Bu!"

"Ndiyo, baba! Mbuzi!"

Sokhna akacheka, akaomba chakula.

Miezi miwili baadaye Birame alikuwa na maneno sita. Sasa yuko darasa la pili. Mwalimu humkalisha mbele kwa sababu ya domo. Sokhna alizaa msichana, akamsemesha tangu siku ya kwanza. Mama mkwe aliomba dua, akaongea, na hajanyamaza. Shangazi, aliyeahidiwa godoro, aliliulizia mara mbili. Muuguzi Diop alihamishiwa wilaya nyingine. Jambaar alikufa kwa uzee. Gorgui alikaa kimya siku nzima, na Birame ndiye aliyekwenda kukaa karibu naye, akamsemesha, akanyamaza, akamngoja ajibu.