Mpiga Makofi

"Umesema tena," Shangazi alisema, na kijiko kikagonga kikombe.

"Nimesema nini?"

"Umesema 'tulipima'. Ulipima wewe, peke yako. Anza upya."

Profesa akashusha pumzi, akaanza upya. Yote mawili yalikuwa majina ya utani. Yeye aliitwa Profesa kwa ajili ya miwani na maswali yasiyoisha, na mwenzake wa chumbani aliitwa Shangazi kwa kuwa hakuna mtu bwenini aliyepona nasaha zake. Hayo yalikuwa mazoezi ya mwisho. Mchana Profesa angesimama ukumbini kuwasilisha kazi yake kwenye mashindano ya utafiti wa wanafunzi, na mshindi angesomeshwa na chuo shahada ya pili. Nafasi ilikuwa moja tu, na aliitaka mpaka usingizi ukamruka.

Utafiti wenyewe ulihusu mwangwi wa madarasani, na jinsi trei za mayai na nguo kuukuu zikibandikwa ukutani zinavyoumeza, ili mwanafunzi wa nyuma naye amsikie mwalimu. Ulikuwa wa watu wawili. Mmoja alisimama mbele akapiga makofi mara moja. Mwingine alikaa nyuma na simu, akirekodi ile sauti inavyozunguka mpaka ipotee. Wa simu alikuwa Profesa. Wa mbele alikuwa kijana wa darasa lake, mrefu, viganja vipana kama sahani, na chuo kizima kikamwita Makofi.

Siku ya kwanza Profesa alipomwambia Shangazi, "Kuna kaka ananipigia makofi kila jioni," Shangazi alisikia "ananipiga makofi", akachukua ufagio kwenda kumtafuta. Alimkuta anabandika trei ukutani huku akiimba vibaya, akarudi na ufagio wake.

Basi wakapendana. Wangeachaje? Ukikaa na mtu kwenye chumba kitupu, mmenyamaza mnangoja sauti iishe, macho yana kazi gani nyingine?

Halafu baba yake Makofi akapooza upande mmoja. Makofi ndiye kifungua mimba, akaacha chuo akatafute kazi. Aliondoka bila kuaga, ikaja meseji:

"Ondoa jina langu kwenye utafiti. Kanuni inataka wanafunzi tu, na mimi si mwanafunzi tena. Usinisubiri. Nakutakia kila la heri."

Kila la heri, jamani. Mtu uliyezoea kumlalia begani anakuandikia kama meneja wa benki. Profesa alipiga simu, haikupokelewa. Alipopiga tena, namba haikupatikana. Jina aliliondoa, maana kanuni ni kanuni, na kwenye bango kila "tulipima" akaigeuza "nilipima". Karatasi ilikubali ila mdomo uligoma.

"Namkumbuka sana, Shangazi," alisema sasa, akiwa bado amesimama katikati ya vitanda. "Nikisema 'nilipima' naona kama namzika mtu aliye hai."

Shangazi aliweka kijiko chini.

"Mkumbuke ukishashinda," alisema kwa upole. "Leo mchana tu, mwanangu. Sema 'nili'."

Ukumbi ulijaa. Mafundi wa mitambo walikuwa wanaburuta nyaya nyuma ya spika, na mabango yamepangwa ukutani kama nguo za kuuzwa. Jaji mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine imesahaulika kichwani. Shangazi alikaa mstari wa mbele, na kijiko alikuja nacho mkobani.

Profesa alianza vizuri. Nilipima, nilirekodi, nililinganisha. Majaji wakawa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye sauti zenyewe, akabonyeza kompyuta, na lile pa la viganja vya Makofi likatoka kwenye spika kubwa likajaza ukumbi.

Alikuwa amelisikia mara nyingi kwenye simu. Hakuwahi kulisikia kubwa hivyo, kana kwamba mwenyewe amesimama pale.

"Hapo tulikuwa hatujabandika trei," akasema. "Tulisubiri mpaka mwangwi uishe, ndipo tukaanza ukuta wa nyuma."

Mkono wa Shangazi ukazama mkobani, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Jaji mkuu aliinua kalamu.

"Ngoja, binti. Hapa umeandika jina lako peke yako. Hao 'tulisubiri' ni wewe na nani? Na kama ulikuwa nyuma na simu, mbele alipiga makofi nani?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Shangazi alikuwa analitamka kwa midomo, bila sauti, macho yamemtoka: rafiki tu, rafiki tu. Angesema hivyo na kuendelea, na nafasi ingebaki palepale. Profesa alilifungulia mdomo jibu hilo, likakataa kutoka.

"Ni mwenzangu," alisema. "Tulipima wote. Wazo la trei za mayai ni lake. Aliacha chuo akatafute kazi baba yake alipopooza, ndipo nikaondoa jina."

"Kanuni unaijua?"

"Naijua, mama. Nimejaribu kusema 'nili'. Nimeshindwa."

Majaji wakanong'onezana. Walipomaliza, mama yule alivua miwani ya puani, akaitazama kidogo.

"Kwa kanuni, kazi hii inatoka kwenye mashindano. Pole sana. Lakini muda wako haujaisha. Ukitaka, malizia."

Profesa alifuta macho kwa mkono wa blauzi. Akasema alipanga kuwaonyesha mwangwi wa ukumbi ule ule, ila anahitaji mtu wa kumpigia makofi. Shangazi akaanza kuinuka. Kabla hajasimama sawasawa, fundi mmoja alitoka nyuma ya spika, ovaroli imepauka, waya begani.

"Naweza kusaidia?" aliuliza.

Alikuwa amekonda. Viganja vilikuwa vilevile. Profesa akainua simu tu kama zamani. Makofi akaweka waya chini, akapiga mara moja. Pa. Ukumbi mzima ukanyamaza ukiingoja sauti iishe, na wao wawili wakatazamana mpaka ilipoisha, na hata baada ya hapo. Ndipo watu wakaanza kupiga makofi, majaji wakiwemo.

Baadaye Profesa alimkuta nyuma ya spika, amechuchumaa, anakunja nyaya.

"Bosi aliposema kazi ya leo ni chuoni kwetu, nikamwomba anipange," Makofi alisema bila kuinua macho. "Nilitaka nikusikie tu, kisha niondoke."

"Namba yako haipatikani."

"Nilibadili laini. Ulipopiga nilitamani kurudi, na nisingeweza kurudi."

"Nani alikuambia urudi? Ungeniambia uko wapi, ningekuja mimi."

Alivuta waya mmoja, kisha akasema, "Nimekukosesha nafasi."

"Hujanikosesha, nimeiacha mwenyewe. Inaniuma, na nitalia leo mpaka Shangazi achoke." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini hukunitoka moyoni hata siku moja. Usiniandikie tena kila la heri."

Makofi akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani. Alimwambia baba yake anaendelea vizuri, ameanza kushika kikombe mwenyewe, na bado anaulizia habari za yule binti wa mwangwi. Kisha akarudi kwenye nyaya, kama mtu asiyejua aseme nini zaidi.

"Nikimaliza kukunja hizi," alianza, akasita. Akamtazama. "Tukimaliza kukunja hizi, tupitie nyumbani. Mzee atafurahi."

"Hebu rudia."

"Mzee atafurahi?"

"Neno la kwanza."

"Tukimaliza," alisema Makofi, taratibu.

Profesa akachuchumaa, akashika ncha ya pili ya waya. Mlangoni, Shangazi alikuwa ameshatoa kijiko. Aliwatazama, akakirudisha mkobani.