Bitana ya Koti la Bluu

Siku ya soko mjini Baraka hakuna pa kuweka mguu, na Placide aliuweka wake juu ya kitenge cha Arlette. Kilikuwa kipya, kijani chenye ndege wa njano, kimetandazwa mbele ya cherehani.

"We kaka, macho uliacha ku mashua?"

"Pole, mama fundi. Niliangalia fundi, sikuangalia kitambaa."

Placide aliuza ndakala wakavu, dagaa wa ziwani. Mrefu, shati limepauka kwa jua. Arlette, fundi wa makoti, alivaa gauni jekundu lililombana kiunoni jinsi alivyotaka limbane. Alijaribu kukasirika, akacheka. Kitenge kikafuliwa, mapenzi yakaanza.

Placide akipeleka samaki Lubumbashi, simu ililia kila jioni.

"Sheri, mupenzi, niko mbele ya duka ya nguo za badizaina, mafundi ya jina. Vioo tupu! Niingie?"

"Ingia, lakini jina ya ku kola isikudanganye. Geuza nguo. Kazi ya fundi mukubwa inaonekana ku ndani."

"Na kama banafukuza mi juu ya harufu ya ndakala?"

"Baambie bibi yako ni fundi, atabashonea midomo!"

Siku ya Placide kujitambulisha kwa wazee ikakaribia. Siku hiyo wapendanao huvaa kitambaa kimoja, watu waone wameshakubaliana. Arlette akakikata kile kitenge cha ndege katikati. Nusu akajishonea gauni, nusu akampa Placide.

"Peleka kwa mafundi yako bakubwa ku Lubumbashi," akamtania. "Banoko, bajomba yangu, baone naolewa na muntu ya muji."

Placide akafika siku yenyewe, koti la bluu la dizaina limefungwa vifungo vyote, shati jeupe, viatu vinameta. Hakuna ndege hata mmoja. Shangazi wakanong'onezana. Arlette akajiona mjinga ndani ya kijani chake, aibu ikampanda, na aibu ya Arlette siku zote iligeuka hasira.

Mjomba wake, mzee Bonaventure, akauliza kama ilivyo desturi, "Arlette, unamujua huyu muntu?"

Msichana akisema ndiyo, zawadi zinapokelewa. Akinyamaza, wageni wanarudi na mbuzi wao.

Mjomba akauliza tena. Placide alikuwa ameshika kifungo cha kwanza cha koti, anamtazama, anatabasamu. Mbele ya wakwe mtu hafungui koti kabla hajajibiwa. Arlette akatazama chini, kimya. Mzee Bonaventure akakohoa, wageni wakasimama.

Placide alipiga simu, akapiga tena. Arlette akabadili namba.

Majuto ni mjukuu. Ya Arlette yalikuja mwaka uliofuata, ndani ya mfuko wa nailoni. Aliyeushika alikuwa Fanny, dada wa Placide.

"Usinikasirikie, mama. Fundi ya makoti ndiyo we tu hapa. Placide anaoa juma hii kule Fizi, binti moja Godelieve. Anataka kitambaa ya ndani itoke, uweke nyeupe. Hajue naleta kwako."

Arlette akalitoa koti la bluu mfukoni, akafungua vifungo. Ndege wa njano wakamtazama. Kutoka mabegani hadi chini, bitana yote ilikuwa kile kitenge chake, mshono mdogo, safi, wa fundi mkubwa kweli. Yeye aliyemfundisha mtu kugeuza nguo, siku yake hakugeuza. Alilia kwa sauti, wateja wakimwona.

Aliitoa bitana polepole, uzi kwa uzi. Alipomaliza kuweka nyeupe, simu ikalia kwenye namba mpya aliyompa Fanny.

"Fundi, mi ni kaka ya Fanny. Koti imeisha?"

"Imeisha."

Placide akaitambua sauti. "Arlette?"

"Placide, juu ya nini haukuniambia?"

"Nilingoja useme ndiyo, kisha nifungue koti mbele yabo bote. We ndiyo ulinifundisha kuangalia ndani."

"Nilikosa. Nilikosa sana. Uniulize tena, vile noko aliuliza."

"Arlette..."

"Namujua! Huyu muntu namujua."

Alimsikia akipumua, mbali, juu kule Fizi milimani.

"Na Godelieve batamuuliza juma hii," Placide akasema taratibu. "Ye atajibu."

Arlette akalipiga koti pasi, akalifunga vifungo vyote. Fanny akalichukua asubuhi.