Chokaa Mbichi Kwenye Kucha

"Sindano, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Mzigo unashuka mlimani saa tisa. Huyo mwongoza watalii anawajua wenzake wote. Namtaka hai. Umenielewa?"

Sindano aliigusa hereni sikioni. Sauti ilikatika ndani ya hereni, mlimofichwa kifaa cha mawasiliano, naye akaendelea kupanda ngazi za mawe pamoja na watalii kumi na wawili. Bonde zima chini lilikuwa la kijani, na uzuri wake ulimuudhi. Miezi mitatu iliyopita kaka yake, jasusi mwenzake, alianguka kutoka kwenye ngome ya kijiji hiki cha kale. Polisi walisema aliteleza. Daktari aliyepasua maiti alikuta chokaa mbichi kwenye kucha.

"Karibuni, wageni wangu!" Mwongozaji, aliyejiita Profesa, alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. "Chumba hiki kilikuwa kinu cha mababu cha kusagia nafaka. Ukuta huu haujaguswa miaka mia tatu."

Sindano aliugusa.

Ulikuwa na unyevu.

Baba yao alikuwa fundi wa lipu. Wao wawili walikua wakimchanganyia chokaa, na ukuta mbichi waliujua hata wakifumba macho. Kumbe ndicho kilichomponza kaka! Kila mzigo ulipofika, ukuta ulibomolewa na kuzibwa upya.

"Dada, tafadhali usiguse." Tabasamu lilikuwa limemkauka Profesa.

"Samahani. Mimi na kaka yangu tuna tabia moja."

Profesa alimtazama usoni. Akamjua.

"Wageni, tangulieni mnarani mkapige picha!"

Mguu wa mtalii wa mwisho ulipotoka mlangoni, Profesa alichomoa bastola. Alichelewa. Teke moja likamvunja kiganja, na bastola ya Sindano, Glock yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ikamkaa kwenye paji la uso.

"Nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Mawe."

Mtutu ukazama zaidi.

"Makombora! Sita! Ya kutungulia ndege za abiria. Wanunuzi wako njiani na Land Cruiser."

"Na kaka yangu?"

"Ilikuwa kazi tu, dada. Aliniomba. Alisema ana mdogo wake anayemtegemea..."

Hasira ilimpanda Sindano. Alitaka kumuua. Alitaka mno.

Hereni ikakoroma. "Sindano! Land Cruiser tumeinasa darajani. Wewe je?"

"Makombora yapo ukutani, Mkuu."

"Na yeye? Nilisema hai!"

Sindano alimsokomeza Profesa kofia yake mwenyewe mdomoni. Akashusha mtutu hadi gotini.

Tup!

Goti la pili.

Tup!

"Nini hicho, Sindano?"

"Yuko hai. Leteni machela."

Alimfunga pingu kwenye jiwe la kinu, akatoka kwenye jua. Mtalii mmoja mzee alikuwa akirudi, kamera mkononi.

"Binti, Profesa wetu yuko wapi?"

"Anapumzika, mzee wangu," alisema Sindano, akivaa miwani. "Miguu inamsumbua."

Akashuka ngazi, taratibu, bila kugeuka.