Mkate wa Kunde za Mbegu

"Kunde zile? Hapana, si kwamba watu wameona uvivu kuzichambua. Ndivyo zinavyopandwa kwetu mpaka leo, mjukuu wangu: nyekundu, nyeupe, za madoadoa, na zile nyeusi kama jicho la panya, zote shamba moja. Unacheka? Sogea basi, uondoe na huo ungo miguuni, nikwambie. Kunde hizo ziliingia shambani kwa sababu ya mkate."

Siku hizo gati la Mtwara lilikuwa linajengwa, na Likombe ilikuwa mihogo, mikorosho na nyumba chache za udongo. Somoe, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi hapo na bibi yake, Bibi Mwanakombo. Asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akaenda shule. Jioni alitwanga makopa, ile mihogo mikavu, wakapika ugali. Leo ugali wa makopa, kesho ugali wa makopa, keshokutwa usiulize.

Kabla ya kulala, Bibi Mwanakombo alikuwa na kazi moja asiyoisahau. Alinyoosha mkono juu ya meko, akashika kibuyu kilichoning'inia kwenye moshi, akakitikisa. Ndani yake mlikuwa na kunde za mbegu, zimechanganywa na majivu, mdomo umezibwa kwa bunzi la hindi. Mbegu ikikaa moshini, mdudu haisogelei. Kibuyu kilipolia shaka-shaka-shaka, bibi alitabasamu.

"Zimo, mke mwenzangu," alimwambia Somoe. Bibi na mjukuu wa kike, unajua tena, hutaniana hivyo. "Mvua ya kwanza ikigonga ardhi, tunazo."

Mwaka ule mvua ilichelewa sana. Kila nyumba ilikuwa imefika chini ya kapu, na mtu akipata konzi ya mtama huuficha hata shemeji yake asiuone.

Sasa, jirani yao alikuwa Mama Damari, mwanamke wa Kikristo kutoka upande wa Masasi, mume wake fundi seremala pale gatini. Alipohamia Likombe alishikwa na homa akiwa na mtoto mchanga, hana mama wala dada karibu. Wanawake wa pale walimwuguza wao. Huyu kamletea uji, huyu kamfulia nepi, Bibi Mwanakombo kambeba Damari mgongoni wiki nzima. Jambo hilo lilikaa moyoni mwa Mama Damari. Siku moja mumewe akaja na unga kidogo wa ngano, na Mama Damari akautazama, akaona ameshapata njia ya kuwalipa.

Akaja uani kwa bibi, akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Damari hajambo?"

"Hajambo, anang'ata watu sasa. Mama, nataka kuoka mkate, tule wote. Unga wangu peke yake hautoshi watu wawili. Lakini kitabuni kwetu kuna habari za nabii Ezekieli. Ni habari za mji kuzingirwa na maadui, chakula kikawa haba. Akaambiwa achukue ngano na shayiri, na kunde, na dengu, na mtama, vyote atie chombo kimoja, afanye mkate. Nikawaza, na sisi tumezingirwa na jua. Kila nyumba ilete kilichobaki, hata kikiwa konzi."

Bibi Mwanakombo akafikiri. "Huyo nabii mwalimu wetu wa chuo alikuwa akimtaja, akimwita Hizkili. Lakini niambie, mwanangu, utachachusha kwa nini? Kwa tembo la mnazi?"

"Astaghafiru, mama!" Mama Damari alisema, na bibi akacheka kumsikia anavyolitamka. "Nimelaza uji wa mtama siku tatu, umechacha wenyewe."

"Basi lete chombo chako. Tutaleta."

Habari zikazagaa. Siku ya pili, kisimani, wasichana walikuwa wakishindana kusema watakacholeta. Sharifa, aliyekuwa akisoma darasa moja na Somoe na ambaye ulimi wake haukulala hata akilala mwenyewe, alijitwika ndoo akasema, "Sisi tunaleta mtama mweupe. Mama Damari kapata na dengu, kapewa na Hawabai wa dukani Mikindani. Na nyinyi, Somoe? Makopa?"

Wasichana wakacheka.

"Makopa yao meusi kama masizi!" Sharifa akaendelea. "Huyo nabii akiyaona ataomba arudi na njaa yake."

Somoe alihisi masikio yanawaka. "Nani kakwambia makopa? Kwetu tunazo kunde. Tele. Tunaleta kunde."

Neno likishatoka haliitwi likarudi. Somoe alifika nyumbani na ndoo nusu, maji mengine kayamwaga njiani kwa mawazo. Bibi alikuwa amekwishatenga makopa kwenye kikapu, kayachagua yale meupe, kayapangusa moja moja. "Hayo yetu," alisema. "Asubuhi umpelekee Mama Damari." Kisha akaenda kuokota kuni.

Somoe akatazama makopa, akatazama juu ya meko.

Alipanda kinu akakishusha kibuyu. Akazibua bunzi, akamimina kunde zote kwenye kanga, akazipeta majivu mpaka zikang'aa. Halafu akaona kibuyu ni chepesi, hakilii. Akaokota kokoto ndogo uani, akazitia ndani, akaziba, akakirudisha. Makopa akayasukuma chini ya kitanda.

Usiku bibi akatikisa. Shaka-shaka. "Zimo, mke mwenzangu."

Somoe alijifunika shuka mpaka kichwani.

Asubuhi baraza ya Mama Damari ilijaa. Mtama umekuja, uwele umekuja kwa kuwa shayiri haikuonekana, mbaazi konzi moja, dengu za Hawabai zimo kwenye bakuli. Somoe akafungua kanga yake, na wanawake wakaguna kwa furaha. "Ee, kunde nzuri hizi!" Hata Sharifa akasogea kuzitazama. Utamu wa sifa ile Somoe aliuonja kidogo tu, kama mtu aliyelamba asali yenye mchanga.

Vinu vikaanza. Wawili wawili, mchi huu, mchi huu, huku Bi Asha, mama yake Sharifa, akichekecha. Mama Damari alikuwa huku na huku, mtoto mgongoni. Alipofika kwenye kinu cha kunde akainama, akachota unga, akanusa.

"Somoe, mwanangu. Kunde hizi zinanukia moshi."

"Ndivyo zilivyo kunde za kwetu, mama."

"Si za mbegu?"

"Tunazo nyingine," Somoe alisema, macho kwenye mchi.

Mama Damari alimtazama kitambo, kisha Damari akalia mgongoni, na mama yake akaenda akimbembeleza. Unga wote ukaingia karai moja, ukamiminiwa ule uji uliochacha, ukakandwa, ukafunikwa uumuke.

Unajua mvua yetu ya kwanza inavyokuja. Haipigi hodi. Unga ukiwa bado umelala karaini, mbingu ilinguruma upande wa Mnazi Bay, upepo ukageuka, na harufu ya vumbi lililolowa ikaja mbio mbele ya maji. Watu walipiga vigelegele. Bi Asha alicheza barazani na chekeche kichwani. "Majembe! Majembe! Kesho shambani!"

Kila mtu alifurahi ila mmoja. Somoe aliona nyumba yao ng'ambo ya uwanja, mlango uko wazi, na akajua mkono wa bibi uko wapi saa hiyo. Hapo ndipo alipoelewa vizuri alichokitoa. Hakikuwa konzi za kunde. Kilikuwa ni kunde za mwaka mzima, na kisamvu cha mwakani kitakosa mwenzake, na mwaka wa baada yake pia, maana asiyepanda hapati mbegu.

Mama Damari akamshika bega. "Nilikuuliza na sasa nakuuliza mara ya mwisho. Unga huu hauingii motoni mpaka nijue."

Somoe akafungua mdomo, machozi yakatangulia. "Ni za mbegu."

"Si mimi wa kuambiwa," Mama Damari alisema taratibu. "Nenda. Wahi kabla hajazibua."

Somoe alikata uwanja mvuani. Bibi Mwanakombo alikuwa amekaa kizingitini, kibuyu mapajani, anakitikisa huku akiimba kidogo, vidole viko kwenye bunzi.

"Bibi, usizibue!"

"Kwani kuna nyoka?"

"Kuna mawe." Akaanguka magotini. "Kunde nimezitoa mimi. Nimezipeleka kwenye mkate. Niliona haya kupeleka makopa, wenzangu walinicheka, nikasema tunazo kunde tele. Nikatia kokoto ili usijue. Makopa yako chini ya kitanda."

Bibi alikiinua kibuyu. Alizibua bunzi, akamimina kokoto kwenye kiganja, akazitazama moja moja kama anavyotazama mbegu. Mvua ikapiga kelele juu ya makuti.

"Mke mwenzangu," akasema mwishowe, "haya ningeyapanda, yangeota nini? Mwamba?"

Somoe alizidi kulia. Bibi akainuka, magoti yakalia, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha makopa, kibuyu kitupu kwapani.

"Mbegu imeondoka, hilo linaniuma, sikufichi. Lakini umesema kabla sijazibua. Kama ningeyakuta mwenyewe, leo ningekuwa nimepoteza vitu viwili. Shika kikapu. Twende, ukaseme na huko."

Kusema huko ndiko kulikokuwa kugumu. Somoe alisimama barazani, amelowa, kikapu kifuani, akasema yote mbele ya wanawake wote. Sharifa alianza kucheka. Mama yake akamgeukia.

"Wewe wacheka nini? Utawaambia wenzio mtama wetu tumeukopa kwa shangazi yako Mikindani, au niwaambie mimi?"

Sharifa akatazama vidole vyake vya miguu. Halafu, bila kuagizwa, akajifunika gunia kichwani akakimbia mvuani.

Huku nyuma Mama Damari alifunua karai, akashika kichwa. Katika mashaka yale yote unga ulikuwa umeumuka kupita kiasi, umelegea, unamwagika kama uji. "Ngano ni kidogo, haishiki. Mkate umeniharibikia!"

Bibi Mwanakombo akainama, akatia kidole, akaonja. "Kilichokosekana ni makopa," akasema.

Basi makopa yakaingia kinuni. Somoe alitwanga peke yake, hakukubali kupokewa. Unga wake, mweupe kama chokaa, ukanyunyizwa karaini, na ule uji ukakaza, ukashikana, ukawa donge la kubebeka. Wakaugawa kwenye masufuria matatu, wakafunika, wakapalia makaa juu na chini.

Sharifa akarudi, ametota, ngumi imefumbwa. Akaifumbua mbele ya Bibi Mwanakombo: kunde nyekundu. "Za mbegu. Kutoka kibuyu chetu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kisimani, bibi, ni mimi niliyeanza."

Bi Asha akamtazama binti yake, akajifuta macho na pembe ya kanga akisingizia moshi. Mwingine akatoka, akarudi na konzi ya kunde nyeupe. Mwingine za madoadoa. Mama mmoja, ambaye hakuwa na nyingi, alileta zile nyeusi, akazihesabu huku akizitoa na bado akazitoa zote. Kibuyu kikajaa mpaka nusu. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akataka kushukuru, akakitikisa tu. Shaka-shaka. Watu wote wakaelewa.

Mkate ulipoiva harufu yake ilifika barabarani. Mkeka ulitandikwa, chai ya rangi ikamiminwa, mvua imepungua imebaki ya kudondoka. Lakini hakuna aliyekaa. Huyu anatafuta bakuli, huyu anamtafuta mtoto, Mama Damari bado anafukua makaa, na Somoe amejibanza nyuma ya nguzo.

Bibi Mwanakombo akakata kipande cha kwanza, cha rangi ya udongo, kinatoa mvuke. Akakinusa. Moshi ulikuwemo.

"Somoe. Njoo hapa, mbele ya watu. Kitu ulichokionea haya ndicho kilichoshika mkate huu. Anayeonea haya makopa yake, mjukuu wangu, mwisho hula mbegu yake. Leta ulicho nacho, useme ndicho, na Mungu na majirani watajua pa kukijaziliza. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Basi kula. Hujapata kula kunde za thamani kama hizi." Akamtia kipande mkononi. "Na wewe, Mama Damari, tangu alfajiri umesimama. Sisi tulikuuguza siku chache, leo umetulisha wote. Wacha makaa hayo. Kaa."

Mama Damari akampakata Damari, akakaa. Bi Asha akakaa. Somoe akasogea kidogo mkekani, akapigapiga pale pembeni yake kwa kiganja, na Sharifa, gunia bado kichwani, akaja akakaa hapo. Wengine wakasema bismillahi, Mama Damari akainamisha kichwa, na mikono yote ikaenda kwenye mkate.