Salamu Nyuma ya Zizi

"Nyati, ingia. Ngoma isitoke Shinyanga."

Sauti ya Maige, mkuu wake wa kazi, ilikatika sikioni. Agnetha, Nyati kwa jina la kazi, aliisukuma bastola yake ya Glock chini ya kitenge, akamfuata Bibi Zipora ndani akijifanya mkwe wake.

Nyumba ilikuwa Nyahanga, Kahama. Nje ilisimama Land Cruiser. Kwenye uwanja wa Ibadakuli, ndege ya kukodi ilikuwa ikisubiri. Hendrik, mwizi wa mali za kale, alikaa nyuma ya kompyuta. Maneno alimwachia Stanslaus, kijana aliyejaa manukato na asiye na adabu hata chembe.

"Ni mchezo wa historia tu, bibi. Vaa miwani, utembee ikulu ya mtemi ilivyokuwa. Watoto wajifunze."

Uongo mtupu! Droni yao ilishapima magofu ya ikulu. Kila kona ya mchezo ilikuwa kona ya kweli ardhini. Miwani ilirekodi mvaaji anapopiga magoti. Mtu wa ukoo wa mtemi akiiona ikulu, angesalimia mizimu bila hata kufikiri. Na penye mizimu ndipo ilipofichwa ngoma ya mtemi. Aliyepajua alikuwa amebaki Zipora peke yake.

"Sivai."

Stanslaus alimwekea bastola shavuni.

Agnetha alitamani kumvunja mkono palepale. Akajizuia.

"Baba, usimuue! Nivalishe mimi. Mimi mkwe wake, napajua."

Akavaa. Boma likainuka mbele yake, ng'ombe wakalia. Alikwenda hadi nyuma ya zizi, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu.

"Nyuma ya zizi!" Hendrik aliwafokea redioni wachimbaji wake waliokuwa magofuni. "Chimbeni!"

Muda si mrefu redio ikajibu. Ilikuwa sauti ya Maige.

"Vijana wako wana pingu mikononi."

Hendrik alirukia bunduki.

Glock ililia. Hendrik akaanguka, ameshika bega. Teke moja likamlaza Stanslaus.

"Ulisema unapajua!" Stanslaus alibweka huku akifungwa pingu.

Zipora alimcheka usoni. "Wewe, mkwe gani anaonyeshwa mizimu ya ukoo? Hukulelewa?"

Agnetha alichomoa kwenye miwani kadi ya kurekodia, akaisaga kwa kisigino. Bibi akanyoosha mkono.

"Sasa nivalishe, mwanangu. Nipaone kwetu kabla sijafa."

Alivaa. Machozi yakatiririka chini ya miwani. Polepole akaanza kugeuka, magoti yakikunjika.

Agnetha akampa mgongo upesi. Aliwaburuta wale wawili hadi nje, akafunga mlango.

"Nyati, ngoma iko wapi hasa?" aliuliza Maige sikioni.

"Sijui, mkuu," alijibu, akawasha Land Cruiser yao.