Kerensa Ana Mwenyewe

"Jago, Kerensa ni nani?"

Nilikuwa nimeinama, nambadilisha mtoto nepi. Nikacheka.

"Si huyu hapa anayenikojolea mkono!"

"Sifanyi mzaha. Na Bryony ni nani?"

Nikageuka. Mke wangu Tamsin alikuwa mlangoni, simu yangu mkononi, macho makavu. Heri angekuwa analia.

Kosa nililifanya mwenyewe. Mimi ni mwokaji wa pasti hapa mjini Camborne, zile za nyama na viazi zilizofungwa ndani ya unga uliokandwa. Kwetu pasti huchongwa kwenye kona herufi ya mwenye kuila, asije mwingine akaitia mdomoni. Asubuhi ile nilikuwa nimeoka kipasti kidogo, nikakichonga K, nikakipiga picha na kuirusha mtandaoni: "Karibu duniani, binti yetu Kerensa!"

Tamsin akasoma ujumbe kwa sauti.

"'Jago, hata pasti ni ileile. Hata K ni ileile. Majina yote ya dunia hii, ukakosa lingine? Bryony.'"

"Ni mtu wa zamani, mpenzi. Kabla yako."

"Sijauliza ni wa lini. Nimeuliza Kerensa ni nani. Uliniambia ni mama yake babu yako."

Nikarudi kufunga nepi.

"Jago! Nilikwambia nataka jina la kwetu, lisilosikika kila kona. Wodini kulikuwa na Olivia watatu! Ukaja na Kerensa, ukasema maana yake ni upendo, ukasema la ukoo. Nililia kwa furaha. Nikakuacha uende kuandikisha peke yako kwa sababu mshono wangu ulikuwa bado unauma. Sasa niambie."

"Nilidanganya."

"Hilo nimeshaliona. Ni nani?"

"Ni mtoto. Wangu na Bryony. Alizaliwa hapumui. Pasti yake ya K nilikuwa nimeshaioka."

Tamsin akakaa kitandani taratibu.

"Ana kaburi?"

"Analo. Redruth, mji wa jirani."

"Huwa unaenda?"

"Sijawahi. Hata siku ya kumzika sikwenda. Miezi miwili baadaye nikamwacha Bryony. Nilikuwa siwezi kumtazama usoni."

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Miaka sita sikuwahi kuyasema maneno hayo kwa mtu.

"Kwa nini umpe wangu jina la yule, Jago?"

"Nilitaka kulisikia likiitwa. Nilidhani likiitwa na watu wanaocheka, nitakuwa nimesamehewa."

"Bila kumwomba mtu yeyote samahani."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwanangu ndiye samahani yako. Mlete hapa."

Akamchukua mtoto. Siku tatu akamwita "kadogo" tu. Kila mchana nilimwekea pasti yenye herufi T, na kila jioni niliikuta mezani imepoa, haijaguswa.

Siku ya nne akaketi mbele yangu, akapiga simu na kuweka sauti ya juu.

"Bryony? Mimi Tamsin, mke wa Jago."

"Ah. Samahani, dada. Sikutaka kuvuruga nyumba yako. Niliona ile picha, hasira zikanishika."

"Usiniombe samahani wewe. Nimepiga kuuliza. Ukikubali litumike, litatumika. Ukilitaka, tunalirudisha."

Nilisikia maji ya bomba upande wa pili yakifungwa.

"Nalitaka," Bryony akasema. "Najua ni roho mbaya."

"Siyo roho mbaya."

"Sina nguo yake, sina picha yake. Nina jina tu."

"Basi ni lako. Huyu mtu yuko hapa, ongea naye."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Bryony..."

"Kwa nini hukuja kumzika?"

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa, Jago. Lakini nilienda. Nilisimama pale na mchungaji, watu wawili tu."

Nikalia kama mtoto, Tamsin akinitazama bila kunigusa.

"Njoo Jumapili," Bryony akasema. "Njoo na mkeo. Sitaki tuonane wawili tu."

Jumapili tukaenda, sisi wawili na mtoto, tukamkuta Bryony makaburini. Jiwe lilikuwa dogo, limeandikwa Kerensa, basi. Nikapiga magoti kwenye nyasi mbichi.

"Nisamehe, mwanangu. Nisamehe, Bryony."

"Nitajaribu," akasema. "Leo usinidai zaidi ya hapo."

Kisha akamgeukia Tamsin, akachungulia ndani ya blanketi.

"Na huyu sasa mtamwitaje?"

"Loveday," Tamsin akajibu.

Niligeuka kwa mshangao, maana hata mimi nilikuwa silijui hilo. Zamani huku watu waliogombana walitengewa siku ya kupatana. Siku hiyo ndiyo iliyoitwa Loveday, yaani siku ya upendo, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo aliweza kupewa jina lake.

"Loveday! Shuleni watamcheka!" Bryony akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Wacha wamcheke. Olivia wametosha."

Jumatatu tukaenda kwa msajili, mama mmoja wa miwani.

"Mna bahati, mwaka haujapita. Jina la mbele hubadilishwa mara moja tu."

"Na lile la kwanza mtalifuta?" nikauliza.

"Halifutwi, bwana. Jipya linaandikwa kwenye nafasi nyingine. Cheti kirefu kitaonyesha yote mawili, maisha yake yote."

Nikainamisha kichwa. Tamsin akasaini kwanza, akanisogezea kalamu.

"Afadhali," akasema. "Akikua atauliza. Na utamjibu wewe, ukweli mtupu."

"Nitamjibu."

Adhuhuri nilikuwa jikoni na kisu kidogo. Nikachonga L. Ya pili nikachonga K, ikiiva niifunge kwenye karatasi, kesho yake niipeleke Redruth, kaburini kwa mwenyewe. Nikaanza kufuta unga mezani. Sikuthubutu kuchonga ya tatu.

Tamsin akaingia, mtoto begani.

"Na mimi je?"

"Nilidhani huzili tena."

"Chonga T, Jago. Fanya haraka, bado nina hasira na nina njaa."